Kijana wangu kasimamishwa chuo kwa kushika mfuniko wa sufuria. Asaini barua ya kuomba radhi au apambane?

#1 Mjomba wa Kahama

Wakuu habari za jioni.

Nina kijana, mtoto wa marehemu dada yangu, yuko mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja cha serikali. Sitakitaja kwa sababu mambo hayajaisha. Anasomea udongo na mazao. Mwanzoni mwa semista hii chuo kilibandika tangazo kwamba bajeti imepungua, kwa hiyo wiki sita za mafunzo ya shambani zimekuwa wiki mbili, maabara moja imefungwa na maktaba itakuwa inafungwa saa kumi na mbili jioni. Ada haikuguswa, ni ile ile.

Waliandika barua, wakajibiwa "suala linafanyiwa kazi". Wakaandika ya pili, kimya. Basi wakaenda kukaa kwenye ngazi za jengo la utawala siku mbili, wanaimba. Hakikuvunjwa kioo, halikuguswa gari. Siku ya pili polisi wa FFU wakafika, watoto wakatawanyika. Wiki moja baadaye watu kumi na mmoja wakapewa barua za kusimamishwa masomo "mpaka kamati ya nidhamu itakapokaa". Wangu ni mmojawapo. Ushahidi dhidi yake ni picha: amesimama ngazi ya tatu, mkono huu mwiko, mkono huu mfuniko wa sufuria. Barua inasema alikutwa na "kifaa cha kuhamasisha vurugu".

Juzi kaitwa kwa mshauri wa wanafunzi, akapewa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Anakiri kosa, anaomba radhi, anaahidi hatarudia, halafu chini kuna mistari mitatu mitupu ya kutaja walioandaa. Akisaini anarudi darasani Jumatatu. Asiposaini asubiri kamati, na mitihani iko wiki tano mbele.

Mimi nauza mchele, sheria siijui. Asaini au apambane? Na akipambana, nani anamtetea?

#2 Kigoda Mbele

Nimekaa mstari wa mbele. Wanasheria waje, na wapishi pia, maana kesi ina mwiko.

#3 Mama Eliya

Pole kaka. Asaini arudi darasani. Mwaka wa tatu huo! Mwanangu alibaki nyuma semista moja tu kwa ajili ya ugonjwa, wenzake wakamaliza wakamwacha, mpaka leo hajakaa sawa. Chuo ni cha wenyewe, wewe umekwenda kuchukua cheti chako. Chukua uondoke.

#4 Chura wa Mlimani

Mama Eliya shikamoo, lakini hapo kwenye mistari mitatu sikubaliani na wewe hata kidogo. Kuomba radhi ni jambo la mtu na nafsi yake. Kutaja wenzako ni kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo ina malipo yake.

Mimi nilikuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Novemba 2008, mwaka wa pili. Tuligoma kwa sababu ya madaraja ya mikopo. Wazee mnakumbuka: wa daraja A anapewa asilimia 100, unashuka shuka mpaka F anayepewa sifuri. Unakuta ndugu wawili, baba mmoja, nyumba moja, huyu yuko A, yule yuko D. Tulipogoma vyuo vikafungwa, na si Mlimani peke yake. Kurudi ikabidi uombe upya kwa fomu, na uonyeshe risiti ya benki kwamba umeshalipa mchango wako. Baba yangu aliuza ng'ombe wawili. Aliponikabidhi risiti alisema neno moja tu: "Imba sasa." Sikuimba tena.

#5 Bwana Hesabu

Ngojeni niwe mchawi wa uzi huu. Fedha haipo. Chuo hakina mashine ya kuchapa noti. Wiki sita za shambani maana yake mabasi, mafuta, posho za wahadhiri, chakula cha watoto mia tatu. Kikipewa pungufu kitakata wapi? Mishahara? Walimu nao wataacha kufundisha. Kijana aliyetumia siku mbili kugonga sufuria angeweza kutumia siku hizo hizo kuandika pendekezo la kupunguza gharama.

Na kingine: haki ya kuandamana ina utaratibu. Unatoa taarifa polisi, unataja njia na muda. Walitoa?

#6 Mwiko na Pilau

Bwana Hesabu, umesoma kweli uzi? Waliandika barua mbili. Pendekezo la tatu waliandike kwenye mfuniko?

#7 Mjomba wa Kahama

Asanteni. #5, taarifa polisi hawakutoa, walikuwa ndani ya chuo chao. Hawakwenda barabarani. Kuna ulazima wa kuomba kibali ukikaa kwenye ngazi za chuo unachosoma?

#8 wakili_mtaani

Nimeitwa na watu watatu inboksi, nimekuja. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo barua za namna hii huvichanganya makusudi. Kuna kosa la jinai la mkusanyiko usio halali, lile la kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Hilo ni la polisi na mahakama, na linataka mkusanyiko wenye nia ya kutenda kosa au unaowatia watu hofu ya kuvunjika kwa amani. Halafu kuna kosa la kinidhamu chini ya kanuni za wanafunzi za chuo. Hilo ni la kamati. Kamati ya nidhamu haiwezi kumtia mtu hatiani kwa jinai. Kwa hiyo swali la kwanza la kijana kwa maandishi liwe: nashtakiwa kwa kanuni namba ngapi ya kanuni zenu? "Kifaa cha kuhamasisha vurugu" si namba.

Pili, haki ya kusikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba. Msidhani ni pambo. Mahakama ya Rufani katika kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts, ripoti za sheria za 2003, ilisema wazi kwamba kanuni hii si ya kuazima tena kwenye sheria za Waingereza, ni haki ya kikatiba. Kusikilizwa si kuitwa ofisini ukapewa kalamu. Ni kupewa tuhuma kwa maandishi, kupewa muda wa kutosha kujibu, kuuona ushahidi, kujieleza mbele ya watu ambao hawakukushtaki wao wenyewe.

Tatu, ngazi. Akiadhibiwa akate rufaa ndani ya chuo kwanza, kwa chombo ambacho kanuni zao zinakitaja, mara nyingi Seneti au Baraza la Chuo. Msirukie Mahakama Kuu kabla ya kumaliza milango ya ndani, mtarudishwa. Mkishaimaliza, mna miezi sita kuomba kibali cha mapitio ya uamuzi. Miezi sita, si mwaka. Na mjue mahakama haitasema kama kijana alikuwa sahihi kudai wiki zake sita. Itaangalia tu kama walifuata njia. Ikikuta hawakufuata inafuta uamuzi, na chuo kinaweza kuanza upya siku ya pili.

Karatasi yenye mistari mitatu: asisaini kama ilivyo. Ni ungamo. Likishakuwa kwenye faili lake halitoki, na siku atakapokata rufaa ndilo litakalosomwa la kwanza.

#9 Kibajaji wa Digrii

Wakili kaua. Ila hiyo miezi sita ya mahakama na wiki tano za mitihani, ipi inafika kwanza? Mimi nina digrii na naendesha bajaji Mbagala. Haki yako inaweza kukukuta umeshazeeka.

#10 Mama Eliya

Ndicho ninachosema mimi! Sheria zote hizo ni nzuri, mtoto atakuwa nyumbani anazisoma.

#11 Mzee wa Magomeni

Vijana, nimesoma kimya kimya, sasa niseme. Haya mambo hayakuanza na bodi ya mikopo. Mimi ni wa Machi 1978. Tulitoka Mlimani kwenda mjini kupinga mawaziri na wabunge kujiongezea marupurupu wakati nchi nzima inaambiwa ikaze mkanda. Tulikutana na virungu. Tukafukuzwa, mamia yetu, tukarudishwa makwetu kama mizigo. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, unafikiri alinipokea vipi?

Wengi tulirudishwa baadaye. Lakini hakuna aliyetutetea kwa sheria. Wakili tungemtoa wapi, na nani angethubutu? Tulitetewa na wazee waliokwenda kuzungumza polepole na wakubwa. Hiyo ndiyo njia ya Kitanzania. Mjomba, tafuta mzee mwenye heshima pale chuoni.

#12 Siasa Baridi

Mzee wangu, si mlikuwa mnakataa kwenda JKT?

#13 Mzee wa Magomeni

Hiyo ni 1966, kijana. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Oktoba 1966 wale walikwenda mpaka Ikulu wakipinga sheria ya kujenga taifa, maana walitakiwa kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi kumi na minane. Mwalimu akawasikiliza, akakasirika, akakata mshahara wake yeye mwenyewe kwa asilimia 20 na wa viongozi wenzake, halafu akawarudisha wote nyumbani. Watu 393. Samuel Sitta alikuwa mmojawapo, na mnajua alikuja kuwa Spika.

#14 Siasa Baridi

Kwa hiyo ukifukuzwa unakuwa Spika. Mjomba, kijana aendelee na sufuria.

#15 Mwiko na Pilau

Mzee, nakuheshimu, ila 1966 hawakuwa wanatetea elimu. Walikuwa wanatetea mifuko yao. Hata bango lao la kwamba afadhali ya mkoloni lilikuwa aibu. Msituchanganyie na watoto wanaodai maabara.

#16 Chura wa Mlimani

#15, na mgomo upi haukuwa wa mfuko? Februari 2011 walidai bumu, ile posho ya kujikimu, litoke 5,000 kwa siku lifike 10,000. Tumbo hilo. Wakapata 7,500. Unaona? Hawakupata walichotaka, ila wangekaa kimya wangepata nini? Leo bumu ni 10,000, na hao wanaolipokea hawajui kuna wenzao walikula mabomu ya machozi kwa ajili ya ile 2,500. Halafu Novemba mwaka huo huo wa 2011 wakaandamana kwa ajili ya wa mwaka wa kwanza waliokosa mikopo. Makumi wakafikishwa mahakamani Kisutu, wengine wakafukuzwa chuo. Hao walikuwa wanawatetea watu ambao hawakuwa hata darasa lao. Huo mfuko wa nani?

#17 Bwana Hesabu

Na 2,500 hiyo ikitoka bodi ni mkopo, si zawadi. Anayeidai ndiye atakayeilipa. Mkikatwa asilimia 15 ya mshahara msije kulia humu.

#18 Kibajaji wa Digrii

Wakimkata mwenye mshahara. Mimi wanikate tairi?

#19 Mhadhiri Mstaafu

Nimesita kuandika, lakini mleta mada ana wiki tano, basi niandike.

Nilikaa kwenye kamati ya nidhamu ya chuo kimoja kwa vipindi viwili. Nitawaeleza inavyokuwa kwa ndani. Faili linakuja limekamilika. Mlalamikaji kwenye karatasi ni "uongozi", na anayeliwasilisha mara nyingi ni ofisi ile ile ya mshauri wa wanafunzi iliyomwita mtoto wiki iliyopita ikamwambia "nisaidie nikusaidie". Ofisi hiyo hiyo ndiyo inaandika muhtasari wa kikao. Tunasikiliza watu kumi mchana mmoja. Mwanafunzi anaingia, anatetemeka, anaulizwa "hivi wazazi wako wanajua?" Analia. Tunaandika "amejutia". Mwingine anaingia kifua mbele na hotuba. Tunaandika "hana majuto". Kosa ni moja, adhabu mbili.

Waliotushinda, na walikuwa wachache, walikuwa watulivu. Namkumbuka binti mmoja. Alikuja na karatasi mbili alizoandika kwa mkono. Ya kwanza ilikuwa inauliza namba ya kanuni, kama wakili alivyosema #8. Ya pili ilikuwa na ratiba ya siku ile, saa kwa saa: saa ngapi alikuwa darasani, saa ngapi maktaba, saa ngapi alifika pale uwanjani, nani alimwona. Aliomba video yote ichezwe, si picha moja. Ilipochezwa tukaona kwamba wakati picha ile inapigwa alikuwa anawavuta wenzake warudi nyuma. Tukamwachia. Nilitoka pale nikijiuliza ni wangapi tuliwafukuza kwa picha moja.

Kwa hiyo Mjomba: ombeni kwa maandishi video nzima, majina ya wajumbe wa kamati, na nakala ya kanuni. Kijana aandike barua yake mwenyewe badala ya ile ya kuchapwa. Anaweza kusema anasikitika kwamba masomo yalisimama, ni kweli yalisimama, bila kukiri vurugu na bila kutaja mtu. Nimeona barua kama hizo zikikubaliwa.

#20 wakili_mtaani

#19 umenifundisha kitu, mzee. Barua yake mwenyewe, ndiyo, ila iandikwe juu kabisa kwamba haikusudiwi kuwa ukiri wa kosa. Na kabla ya kuipeleka aionyeshe kwa mwanasheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanasaidia, na kuna watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017 katika mikoa. Si lazima uuze mchele wote.

#21 Kitengo Cha Mtaa

Mnazunguka. Hii ni siasa. Kila mgomo nyuma yake kuna chama. Watoto wanatumiwa, wakishafukuzwa wale waliowatuma hawapokei simu.

#22 Chura wa Mlimani

Lete ushahidi. Hilo ndilo linalosemwa kila mwaka tangu nikiwa mdogo. Wiki nne za shamba zikikatwa, inahitajika chama kumwambia mtoto wa kilimo kwamba zimekatwa?

#23 Kitengo Cha Mtaa

Desemba 2019 je? DARUSO, serikali ya wanafunzi wa Mlimani, wakawapa bodi ya mikopo saa 72. Nani anampa mkubwa saa 72 kama hajapewa nguvu na mtu?

#24 Binti Ubungo

Mtu ambaye hajala anaweza, mkuu. Nilikuwepo. Kuna watu walikuwa wanakunywa chai asubuhi na kulala. Na saa hizo 72 hazikuisha, viongozi wakawa tayari wamesimamishwa masomo. Kilichoniuma si uongozi wa chuo. Kilichoniuma ni sisi. Kwenye magrupu ya WhatsApp kila mtu alikuwa simba. Waliposimamishwa, grupu likageuka la matangazo ya vitenge na sabuni ndani ya siku mbili. Nani anawatetea? Sisi tulioachiwa nafasi ya kuwatetea tulibadilisha picha ya wasifu tukaona tumemaliza.

#25 Siasa Baridi

Hiyo DARUSO ndiyo iliongoza hata 1978, ni taasisi kongwe, imechoka.

#26 Mzee wa Magomeni

Si kweli. Sisi tulikuwa DUSO. Baada ya Machi 1978 wakaifuta wakaleta MUWATA, chini ya vijana wa Chama, na MUWATA haikugoma, ilikuwa inapongeza. DARUSO imezaliwa miaka ya mwanzo ya tisini, baada ya chuo kufungwa 1990. Mnajua kwa nini tulifungiwa 1990? Mimi nilikuwa tayari kazini, ila mdogo wangu alikuwepo. Hali ya chuo ilikuwa imeoza, maji hakuna, vitabu hakuna, wakataka Rais Mwinyi aje awasikilize. Wakarudishwa nyumbani mpaka mwaka uliofuata. Na muda si mrefu tukaletewa sera ya uchangiaji.

#27 Kamaa wa Juja

Niko Kenya nasoma huu uzi nikicheka na kulia. Huku mfumo mpya wa ufadhili ulianza 2023, unapangwa kwa makundi kulingana na vile kompyuta inaona umasikini wenu. Mimi na jirani yangu wa plot moja tuko makundi tofauti. Sisi hatukuwachia wanafunzi peke yao, mashirika yakaenda kortini, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo unakiuka katiba.

#28 Mwiko na Pilau

Kwa hiyo umefutwa?

#29 Kamaa wa Juja

Haha. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha ile hukumu. Tuko palepale. Ila angalau tulisikizwa tukiwa tumevaa tai.

Na pia #14, hata kwetu waliofukuzwa wamekuwa wakubwa. Mukhisa Kituyi alifukuzwa Chuo Kikuu cha Nairobi 1979, akaenda kumalizia Makerere, akaja kuwa waziri na baadaye mkuu wa UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo.

#30 Ssebo wa Kariakoo

Makerere mnaisifia sana. 2019 ada ilipandishwa asilimia 15, wasichana wakatoka kuandamana, usiku wanajeshi wakaingia Lumumba Hall wakavunja milango na kupiga watu. Wengine wakapewa barua za kusimamishwa. Na Desemba 1990 wawili walipigwa risasi wakidai posho. Nyinyi mnalalamika barua yenye mistari mitatu!

#31 Binti Ubungo

Hatushindani kwa maumivu, ndugu yangu. Karibu Kariakoo lakini.

#32 Bwana Hesabu

Narudi. Sijabadilisha msimamo kuhusu fedha, ila nimemsoma #19 mara mbili. Kama chuo kimekata huduma na kuacha ada palepale, hapo mimi mwenyewe kama mhasibu nauliza: bajeti ya mafunzo ya shambani ipo kwenye mchanganuo wa ada? Kama mwanafunzi alilipia wiki sita na risiti inasema hivyo, basi huyo si mfanya fujo, ni mdai. Mjomba, tafuta barua ya kujiunga ya mwaka wake, ile yenye jedwali la malipo. Inaweza kuwa ushahidi mzuri kuliko video.

#33 Mwiko na Pilau

Jamani nani kaingia na akaunti ya Bwana Hesabu?

#34 Mhadhiri Mstaafu

Hoja ya #32 ni nzito. Sijawahi kuona mwanafunzi akiileta mbele ya kamati. Ingetusumbua sana.

#35 Kigoda Mbele

Swali la pembeni. Kwa nini zamani walikuwa wanagoma chuo kizima na siku hizi ni watu kumi na mmoja na sufuria?

#36 Chura wa Mlimani

Madaraja ya mikopo. Ukishampa huyu 100 na yule 20, hawana njaa moja. Mgomo unataka njaa moja.

#37 Binti Ubungo

Mimi nasema makazi. Zamani wote mnalala Mlimani, mnabebana wanne kitanda kimoja, habari inasambaa kabla ya chai. Siku hizi watu wamepanga mageto Makongo, Changanyikeni, Ubungo Msewe. Mpaka upande daladala ufike kwenye mgomo, mgomo umeisha.

#38 Siasa Baridi

Hosteli za Magufuli zilifunguliwa 2017, watu 3,840 sehemu moja. Mbona hawakugoma zaidi?

#39 Binti Ubungo

Walinyamaza kwa sababu nyingine, na unaijua.

#40 Mama Eliya

Ni sisi wazazi. Mimi nakiri. Mwanangu alipoondoka nilimwambia: ukiona kundi, pita mbali. Zamani mtoto alisomeshwa na serikali, akifukuzwa aibu ni ya serikali. Sasa nimeuza kiwanja. Akifukuzwa kimefukuzwa kiwanja.

#41 Kibajaji wa Digrii

Mnasahau ajira. Mzee wa Magomeni aligoma akijua kazi inamsubiri. Mimi ningegoma nikisubiriwa na nini? Anayeogopa kupoteza cheti ni yule anayeamini cheti kina kitu. Hapo sijui kama ni woga au ni matumaini.

#42 Kitengo Cha Mtaa

Au wamekuwa na akili.

#43 Mwiko na Pilau

#42 wewe nenda kalale.

#44 Mjomba wa Kahama

Wakuu, mrejesho. Samahani nilikuwa njiani, mizigo ilikwama Shelui.

Karatasi ya kuchapwa hakusaini. Nilimpigia nikamsomea #8 na #19 kwa simu, akanyamaza muda mrefu, akasema "mjomba, hata kabla hujaniambia, ile mistari mitatu nilikuwa siwezi. Mmoja wao ndiye aliyenikopesha hela ya chakula." Kaandika barua yake mwenyewe, nusu ukurasa. Mwanasheria mmoja wa hapa Kahama kaipitia bure, kaongeza sentensi ya juu. Wameomba video na namba ya kanuni. Namba imekuja: kanuni ya kelele katika maeneo ya masomo. Vurugu haimo tena.

Na #32, Mungu akubariki. Barua ya kujiunga ipo, nilikuwa nimeihifadhi kwenye mfuko wa risiti za mashine ya kukoboa. Imeandikwa "mafunzo kwa vitendo shambani", na kiasi chake, na hakuna mahali panaposema wiki mbili.

Kati ya kumi na mmoja, saba wamesaini ile ya kuchapwa. Wanne hawajasaini. Kati ya saba, sijui nani kaandika nini kwenye mistari, na kijana hataki nimuulize.

Kamati ilikuwa ikae jana. Imeahirishwa, mwenyekiti amesafiri.

#45 wakili_mtaani

Vizuri. Barua ya kuahirishwa iombeni kwa maandishi yenye tarehe mpya. Wakichelewa mpaka mitihani ipite, hiyo nayo ni hoja. Mwombe pia ruhusa ya kufanya mitihani huku shauri linasubiri. Wakimkatalia, wakatae kwa maandishi.

#46 Mama Eliya

Namwombea. Bado nasema angesaini. Lakini namwombea.

#47 Chura wa Mlimani

Hao saba nao wasitukanwe. Nimeshakuwa mmoja wao.

#48 Mzee wa Magomeni

Umempata mzee wa kuzungumza na wakubwa?

#49 Mjomba wa Kahama

Nimempata mmoja, padri. Amesema atakwenda, ila kwanza anataka kujua kama kweli ule ulikuwa mfuniko tu.

#50 Kigoda Mbele

Na mfuniko wenyewe uko wapi sasa?

#51 Mjomba wa Kahama

Chuo wameushikilia, kielelezo namba moja. Aliuazima kwa mama anayewauzia maharage nje ya geti, na kila asubuhi kijana akipita pale anaulizwa unarudi lini. Maharage anayafunika na sinia.